Uliomba Kukaa Mbali

Dada Sechelela,

Shikamoo. Kaburi lako limeota majani baada ya mvua. Nilikuja Jumapili nikashindwa hata kuinama kuyang'oa. Mwalimu mkuu mzima, nimesimama kama mtoro aliyeitwa ofisini.

Binti aliyepewa darasa lako la saba ni mjamzito, na korona imerudi Kongwa. Jana aliniomba kile kile ulichoniomba wewe: madaftari yakusanywe kwenye kiroba, yakae siku mbili, ndipo asahihishe, watoto wasimzonge mezani wakimkoholea. Leo asubuhi mwenyekiti wa kamati ya wazazi naye kaja na lile swali lao: "Mbona madaftari hayana tiki?"

Siwalaumu, dada. Shule zilifungwa, watoto wakaishia kuswaga mbuzi, na mtihani haumngoji mtu. Mzazi asiyejua kusoma atajuaje kama mwanawe amefundishwa? Anafungua daftari, anatafuta wino mwekundu. Nilijua hayo yote. Nilijua pia kwamba una pumu. Bado nikakwambia, "Wasahihishie hapo hapo, Mwalimu, wazazi watulie."

Ulinitazama juu ya miwani, ukasema, "Haya, mkuu." Hukuwahi kuniita mkuu. Siku zote nilikuwa mdogo wako, tangu uliponipokea nikiwa mgeni kazini ukanicheka nilivyoshika chaki kama mwiko. Basi ukakaa, wakakuzunguka, ukatia tiki zako kubwa mpaka kifua kikakubana. Wiki ya tatu tulikuzika.

Nisichoweza kukimeza ni nilichokifanya msibani. Nilisimama mbele ya jeneza nikasema uliwapenda watoto mno, ukagoma kukaa mbali nao. Wazazi walilia. Shemeji alinishukuru, dada. Alinishika mikono yote miwili, akanishukuru.

Jumamosi kuna mkutano wa wazazi. Naogopa, sikufichi. Huenda wakadai nihamishwe. Au, kibaya zaidi, watasema ni mapenzi ya Mungu, kisha waulize tena habari za tiki. Sijui nitasimamaje. Lakini nakuahidi, binti yule atasahihisha kwa njia yake. Na nitawaambia wote, shemeji akiwa amekaa palepale mbele, kwamba uliomba kukaa mbali na mimi ndiye niliyekukatalia.

Pumzika, dada. Usinisamehe kwanza. Ngoja niseme.

Mdogo wako