Nani Alimkagua Mama Aliposhuka Kilimani?

Bi Pyo mpendwa, shikamoo. Naomba unijibu hapo gazetini kabla ya Jumamosi ijayo, maana Jumamosi ijayo ndiyo siku yetu ya kufyeka nyasi za kaburi la Baba, na mwezi mmoja baada ya hapo Mama anahamishwa kutoka kijijini kwake, na anayemhamisha ni kaka yangu lakini sababu ni mimi, na hakuna anayelijua hilo isipokuwa mimi na Mama mwenyewe.

Nina miaka hamsini na miwili, ni mtoto wa pili kati ya wawili, naishi Wonju, na Mama ana sabini na tisa, anaishi peke yake Neutigol katika nyumba ileile tuliyozaliwa, yenye baraza ya mbao mbele na kilima cha makaburi nyuma. Sijui kama wewe unazikumbuka siku za kufyeka zilivyokuwa zamani, kabla watu hawajaanza kukodi vijana wenye mashine. Baba alianza kunoa mundu alfajiri pale kisimani, tukapanda kilimani ukoo mzima, wajomba wakifyeka na kutaniana nani anamnyoa babu vibaya, Mama akija nyuma na chakula kichwani na pombe ya mchele ya kumwagia kaburi, na mimi na kaka Gyeong-su tukijibiringisha kwenye majani mpaka suruali zinageuka kijani. Kupe tuliwajua, lakini kwetu kupe alikuwa shida ya ng'ombe, tulikuwa tunawachomoa kwenye masikio ya ng'ombe wetu na kuwapasua kwa kucha kwenye jiwe, na aliyepasua wengi ndiye mshindi.

Jua likielekea kuzama tulishuka, na hapo Mama hakuruhusu mtu aingie ndani. Alitukalisha barazani mmoja mmoja, akatuvua nguo, akachukua lile chanuo lake la meno membamba akaanza, "Sikio, kwapa, nyuma ya goti!" huku Gyeong-su akipiga kelele kwa kutekenywa, na aliyeonekana msafi alipewa nusu ya peasi. Tukimaliza sisi, Baba alimwambia, "Na wewe kaa hapa," akamfungua nywele akamwangalia nyuma ya masikio taratibu, na sisi tulicheka kwa sababu hatukuwahi kumwona Baba akimshika Mama siku nyingine yoyote. Baba amefariki mwaka wa nane sasa, na bado nikisikia harufu ya majani yaliyokatwa nawaona wawili wale pale barazani, na nalia, mtu mzima mimi.

Sasa kosa langu ni hili. Gyeong-su yuko Seoul na mkewe, kwa hiyo kazi ya kufyeka iliachwa kwangu, na mwaka jana siku ilipofika nilimpigia Mama nikamwambia kazi zimenibana. Akasema, "Haya baba, usijali, kazi ni kazi." Bi Pyo, sikuwa na kazi yoyote. Klabu yetu ya kupanda milima ilikuwa na safari siku hiyo, na nilipanda mlima mwingine nimevaa soksi mpaka magotini, mikono mirefu, dawa ya kufukuza wadudu nimejipulizia shingoni na miguuni, nikala na kucheka na wenzangu. Na Mama, kwa kuwa hakutaka kaka aje sikukuu ya mavuno, Chuseok, akute kaburi limeota manyoya anigombeze, alipanda peke yake na mundu wa Baba, suruali ameikunja, malapa miguuni. Alifyeka mpaka mchana, akavua malapa akamsujudia Baba mara mbili, paji la uso chini kwenye nyasi, bila mkeka, halafu mgongo ulikuwa unamuuma akajilaza kidogo kando ya tuta la kaburi akimsimulia habari za mwaka mzima, nani kaoa, nani kafa, pilipili zimetokaje. Haya aliniambia baadaye, tena kwa furaha.

Jioni alinitumia picha ya kaburi likiwa safi, pembeni yanaonekana malapa yake yamepangwa vizuri. Nikaikata ile pembe yenye malapa, nikaituma kwa kaka kama kazi yangu. Akanijibu, "Safi sana mdogo wangu. Baba kanyolewa vizuri mwaka huu."

Siku ya kumi, mkesha wa Chuseok, tumekusanyika wote, Mama akashikwa na homa na kutapika. Tukasema ni uchovu wa kuinama jikoni. Tukampeleka zahanati iliyokuwa zamu, daktari akauliza, "Kuna aliyeingia kwenye nyasi au msituni wiki mbili hizi?" Kaka akajibu, "Hapana daktari, kufyeka kafanya huyu mdogo wangu, Mama alikuwa nyumbani." Mimi nikaitikia kwa kichwa. Mama akanitazama pale alipolala, akasema, "Nyumbani, nyumbani tu." Tukapewa dawa za tumbo.

Siku mbili baadaye alimwita kaka kwa jina la Baba. Gari la wagonjwa likamleta Wonju, muuguzi akampapasa kichwa akakuta alama ya kupe nyuma ya sikio la kushoto, penye nywele, na vipimo vikaonyesha ni ile homa ya kupe, chembe za kugandisha damu zimeshuka vibaya. Alilala hospitali siku kumi na tisa, na siku nne kati ya hizo daktari hakutaka kututazama usoni. Alipopata fahamu nilimshika mkono nikaanza kusema, akanikatiza, "Nyamaza wewe. Kaka yako akijua atakukata vipande. Mimi nilikuwa kwenye pilipili." Na ndivyo alivyowaambia wote, kwamba kupe alimpata akichuma pilipili nyuma ya nyumba.

Basi kaka akasema, kama mtu anaumwa na kupe hapo hapo nyuma ya jiko lake, nyumba yenyewe ni ya hatari, Mama hawezi kuishi pale peke yake, baada ya Chuseok ya mwaka huu atahamia kwake Seoul ghorofa ya kumi na nne. Na Mama akakubali kwa neno moja, kwa sababu angekataa ingebidi aseme ukweli. Wiki iliyopita nilimkuta anaosha mtungi mkubwa wa mchuzi wa soya, ule aliopewa na bibi alipoolewa. Nikamuuliza wa nini. "Bi Kwak wa jirani anakuja kuuchukua kesho." Nikasema, Mama, huo si wa kugawa. Akacheka, "Ghorofani nitauweka wapi, bafuni?" Halafu akaendelea kuusugua, na ulikuwa umeshatakata zamani.

Anaomba kitu kimoja tu, apande kilimani Jumamosi amuage Baba, na kaka anasema labda apite juu ya maiti yake. Bi Pyo, nikiri au ninyamaze kama Mama alivyoniomba? Nikikiri kaka hatanisamehe, nikinyamaza nyumba inafungwa. Na je, Mama apande?

Byeong-ho, Wonju

MAJIBU YA BI PYO

Byeong-ho mwanangu, marahaba. Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza nilikuonea huruma, mara ya pili nilitafuta fimbo.

Tusipoteze muda kwenye klabu ya milima. Mtu kukwepa kufyeka ni jambo la kawaida, nusu ya wasomaji wangu wamekwepa, na nusu nyingine wanadanganya. Kosa lako halikuwa kule mlimani. Lilikuwa pale zahanati, daktari alipouliza swali moja lililokuwa na maana, ukaitikia kwa kichwa chako kizito, mama yako amelala anakutazama. Ugonjwa ule hauna chanjo wala dawa yake maalumu. Kinachomsaidia mgonjwa ni kuwahi kuangaliwa na watu wanaojua wanaangalia nini, na wewe uliziiba siku mbili kwa mama yako ili kaka yako aendelee kukusifia kwa picha.

Usidhani nasema hivi kwa sababu mimi ni msafi. Nilikuwa muuguzi wa kituo cha afya cha kijiji miaka thelathini na moja. Kuna mzee mmoja nilimpa dawa za mafua akaenda zake, kwa kuwa nilipomuuliza alikuwa wapi alisema nyumbani, na mimi sikuuliza mara ya pili. Alikuwa ametoka kuokota uyoga. Alizikwa kabla mwezi haujaisha. Nikimwona mjane wake sokoni mpaka leo nageukia upande wa kabichi.

Kwa hiyo sikia. Leo hii, ukimaliza kusoma gazeti, mpigie kaka yako. Usimwandikie ujumbe, mpigie, asikie sauti yako inavyotetemeka. Mwambie kuhusu klabu, kuhusu malapa uliyoyakata kwenye picha, na hasa ulivyoitikia kwa kichwa mbele ya daktari. Atakutukana. Mwache amalize, usimjibu, usimwambie eti Mama alisema ninyamaze, maana huko ni kujificha nyuma ya mgonjwa. Atanuna mwaka mzima, labda miwili. Wewe una miaka hamsini na miwili, hutakufa kwa kununiwa.

Kisha mwende kwa Mama mkiwa wawili, mumuulize anataka kuishi wapi, na safari hii hana uongo wa kuulinda. Akisema Seoul, mbebeeni mizigo. Akisema Neutigol, wewe uliye saa chache kutoka kwake utakuwa pale kila wiki, si kwa simu. Na leo hii hii mpigie Bi Kwak, umwambie kwa adabu kwamba mtungi haujagawiwa bado.

Sasa Jumamosi. Mwache apande. Kumzuia mke asimuage mumewe kwa kumwogopa mdudu asiyezidi mbegu ya ufuta ni kumfungia ndani kabla ya wakati wake. Lakini apande kama wewe ulivyopanda na klabu yako! Mikono mirefu, suruali ndani ya soksi, viatu vya kufunika, kola imefungwa, dawa ya kufukuza wadudu mnayopulizia juu ya nguo na kwenye ngozi iliyo wazi. Mundu ushike wewe. Kwenye kusujudu mtandike mkeka, mkubwa wa kutosha magoti, mikono na paji la uso, na mkimaliza muukung'ute na kuuosha. Na kujilaza kando ya tuta, hapana, mwambie Bi Pyo amekataa. Kiti cha kukunja kinabebeka, mzee anaweza kusimulia akiwa amekaa. Wala asijidanganye kwamba kwa kuwa aliugua mara moja basi ameshakingwa.

Mkishuka, nguo zote zivuliwe zifuliwe siku hiyo hiyo, watu waoge. Mkikuta kupe ameng'ang'ania, msimpasue kwa kucha kama mlivyokuwa mkifanya kwa ng'ombe, msimchome kwa sigara kama wajomba zenu. Kibano, mumshike karibu kabisa na ngozi, mumvute taratibu bila kumpinda. Hamjiamini, nendeni zahanati. Halafu mhesabu siku kumi na nne kwenye kalenda ya ukutani. Homa yoyote, kutapika, kuhara, mwili kulegea, moja kwa moja hospitali, na neno la kwanza mlangoni, kabla ya jina na kabla ya salamu, liwe "alikuwa kwenye nyasi."

Imebaki moja, nayo umeiandika mwenyewe bila kuiona. Umenieleza vizuri mpaka nimelisikia chanuo likipita kwenye nywele zangu, jinsi Mama alivyowakagua ninyi, na jinsi Baba alivyomkagua yeye mwishoni. Basi nikuulize, mwanangu. Tangu Baba afariki, nani amemkagua Mama? Miaka saba ameshuka kilimani, amejiosha mbele na pembeni anapopafikia, na nyuma ya sikio lake hapakuwa na wa kupaangalia. Kupe alichagua mahali pa mume.

Kwa hiyo Jumamosi mkishuka, kabla jua halijazama, asiingie mtu ndani. Mkalishe barazani. Kwapa na nyuma ya magoti mwachie mke wa kaka yako, hayo si yako. Nywele na masikio ni yako. Atasema acha upuuzi, mimi si mtoto, mwambie, "Na wewe kaa hapa." Mfungue nywele, pitisha chanuo taratibu, anza na sikio la kushoto.

Na akiwa msafi, mpe nusu ya peasi.