Kitambaa Ni Changu, Sifa Anapewa Mke Wangu

Mpendwa 'M'e 'Maseipati, mama yetu wa ushauri gazetini,

Naomba msaada wako kabla Jumamosi ijayo haijafika, maana nimejiingiza matatani na nimemburuta mke wangu humo humo. Mimi ni mwanaume wa miaka sitini na mmoja, naishi hapa Leribe, nilichimba dhahabu ng'ambo ya mpaka miaka ishirini na miwili mpaka jiwe liliponivunja mguu, na nilipolazwa miezi minne nikiwa na plasta mpaka nyongani, muuguzi mmoja akanihurumia akanipa kitambaa, sindano na nyuzi, akanifundisha kudarizi misalaba ili nisije nikarukwa na akili kwa kuitazama dari, na tangu siku hiyo sijaacha, na nisikufiche, 'M'e, mimi ni fundi, tena si fundi wa kubahatisha, kigeuze kitambaa changu nyuma huoni fundo hata moja, nyuma ni safi kama mbele, na nikikosea msalaba mmoja nafumua mstari mzima hata kama hakuna atakayeuona.

Lakini hakuna anayejua isipokuwa mke wangu na binti yetu Mosa. Wikendi ndiyo raha yetu. Jumamosi asubuhi mke wangu anawasha jiko la makaa ya mawe na kukanda unga wa skonzi, mimi nakaa kando ya jiko, blanketi mabegani, kitambaa magotini, redio inapiga kwaya, tunataniana mpaka jioni, na Jumapili tukitoka kanisani tunaendelea pale pale tulipoachia. Mtu akipiga hodi kazi yote inaingia chini ya blanketi. Mwezi uliopita Ntate Mpiti, rafiki yangu wa tangu mgodini, aliingia ghafla, nikaficha kwa haraka, sindano ikanichoma paja, naye akakaa saa nzima akila skonzi na sindano imo, kila nikikunja uso ananiuliza, "Una nini wewe leo?" nami namjibu, "Baridi yabisi, bwana." Ningemwambia nini? Mpiti akijua, Leribe nzima imejua.

Balaa lilianzia kwenye maonyesho ya akina mama wa kanisa. Mke wangu alipeleka sinia mbili za skonzi, na kwa kuwa siku hiyo upepo ulikuwa na vumbi jingi akazifunika kwa kitambaa changu cha miraba ya buluu, kile chenye mabua ya mtama pande zote nne, kazi ya miezi saba hiyo. Mwenyekiti wao, 'M'e 'Makhauta, alikinyanyua aone skonzi, wala skonzi hakuziona tena, akakigeuza nyuma, akaita wenzake, "Jamani njooni! Nani kafanya hii?" Mke wangu, ambaye nilikuwa nimemwapisha asinitaje, akasema, "Imefanywa nyumbani kwangu." Basi. Wakapiga vigelegele, wakampa zawadi ya kwanza ya udarizi, cheti kiko ukutani kwetu na jina lake, na skonzi wakazila huku wamekikodolea macho kitambaa.

Mimi nilikuwa nimesimama dirishani na wanaume wenzangu, nikasikia kila neno, kifua kikanijaa, nikatamani kupiga kelele kwamba ni mimi, ni mikono hii, lakini Mpiti alikuwa ubavuni pangu akisema, "Mkeo ana mikono, bwana we," nikaishia kukohoa.

Sasa wamemtaka Jumamosi awafundishe wake wapya walioolewa hapa mwaka huu, ukumbini, mbele ya watu, halafu adarizi kitambaa cha madhabahu. Mke wangu hata kutunga uzi kunamshinda! Isitoshe, mimi natumia mkono wa kushoto, kwa hiyo misalaba yangu yote imelalia upande tofauti na ya wanawake wa hapa, na mwalimu mstaafu 'M'e Nthofeela, aliyewafundisha wote hao, alikitazama kile kitambaa muda mrefu, kisha akautazama mkono wa kulia wa mke wangu unaomimina chai, akanyamaza. Wikendi iliyopita nilijaribu kumfundisha. Nikamwambia, "Mama Mosa, unadarizi au unashona gunia?" Akasema, "Rudia hilo neno nikushone mdomo!" Tukiwa katika kubishana skonzi zikaungua, mara ya kwanza tangu nimuoe. Akaweka sindano mezani akasema, "Nimechoka kusifiwa," akaenda kulala mchana kweupe, na wikendi yetu ikaishia hapo.

Nifanye nini? Nimwambie asingizie macho yanamuuma? Nikijitokeza wanaume watanicheka mpaka wanizike, nikinyamaza mke wangu ataaibika mbele ya kanisa zima. Na hicho kitambaa cha madhabahu, nikuambie ukweli, mchoro wake nimeshaumaliza na ni mzuri sana. Tafadhali usitaje jina langu.

Wako,
Mwenye Blanketi, Leribe

*

Mwenye Blanketi,

Kwanza pole kwa paja. Nimecheka mpaka mhariri akaja kuniuliza kulikoni.

Pili, nimeisoma barua yako mara mbili, na nusu yake nzima unajisifu. Jisifu baba, sikukatazi! Mtu anayefumua mstari mzima kwa sababu ya msalaba mmoja ana haki ya kutembea kifua mbele. Heko. Kinachonikera ni kwamba umemwandikia mtu usiyemjua yote hayo, na jirani yako unamwambia baridi yabisi.

Unaogopa kuchekwa. Wewe uliyeshuka chini ya ardhi miaka ishirini na miwili unamkimbia Mpiti, tena Mpiti mwenye mdomo uliojaa skonzi za nyumbani kwako! Hebu niambie, zamani hapa kwetu nani alikuwa akishona makoti ya ngozi? Nani alikuwa akisuka yale maghala ya nyasi ya kuwekea mtama? Wanaume. Tena walikaa hadharani, wakitazamana kazi na kukosoana. Huyo aliyekuambia sindano ni aibu alikudanganya, nawe ukamwamini miaka yote hii. Na huo uongo wa macho sitaki hata kuusikia.

Sasa nikuambie jambo ambalo hukuniuliza. Umeniuliza kuhusu Mpiti, madhabahu na mkono wako wa kushoto. Hukuniuliza kwa nini mkeo amechoka kusifiwa. Mama huyu alikwenda kwenye maonyesho na sinia mbili za skonzi alizozioka kwa mikono yake. Zikaliwa, na hakuna aliyezisifu. Akarudi na cheti cha kazi isiyo yake, na kila siku anapita chini yake akienda jikoni. Kila anayempongeza njiani anamkumbusha kwamba anadanganya, na anadanganya kwa ajili yako. Hata wewe, baba, umenieleza mabua ya mtama ya pande zote nne, ila kama skonzi za mkeo ni tamu hukuniambia. Inaniuma kwa niaba yake.

Basi fanya hivi. Leo hii, ukishaliweka gazeti chini, muombe radhi mkeo, na umsikilize mpaka amalize. Alhamisi nendeni wote wawili kwa 'M'e 'Makhauta mkamrudishie cheti, na maneno yatoke kinywani mwako, si mwake, maana wewe ndiye uliyemfunga mdomo. Mkitoka hapo mpitie kwa 'M'e Nthofeela. Huyo anajua tayari, mwalimu wa miaka yote hiyo hawezi kudanganywa na mshono, na amenyamaza kukupa nafasi. Muombe awe nawe Jumamosi ili wale wanaotumia mkono wa kulia wasichanganyikiwe. Mpiti mwambie mwenyewe kabla hajasikia kwa wengine. Akicheka, mkabidhi sindano na uzi umwambie atunge tu, kisha wewe ndiye ucheke.

Jumamosi nenda ukafundishe. Wafundishe vizuri, wala usilegeze kamba kwa kuwa ni wageni wa kazi. Na hicho kitambaa cha madhabahu kishone, usijifanye wa kubembelezwa wakati mchoro umeshaumaliza.

Ila saa ya chai ikifika, usiwe na haraka ya kugeuza kitambaa chako watu waone nyuma. Simama, chukua sinia uwapitishie kwa mikono yako, na useme kila mtu akusikie: "Hizi kaoka mke wangu." Halafu unyamaze, na unyamaze kweli, watu wamsifu mpaka ashibe.

'M'e 'Maseipati