Mshumaa wa Upande Wangu

Azaiba, Ijumaa

Dada Kheiria,

Achari ya Mama imefika salama. Mume wangu Humam ananichora kwa kumwiga Jan van Eyck, mchoraji wa Flanders wa miaka mia sita nyuma: anapaka rangi ya mafuta tabaka jembamba, anangoja likauke, ndipo apake jengine. Na yeye kajichora ubavuni mwangu. Jana nimeona kwenye picha mshumaa wa upande wake unawaka, wangu umezimika.

"Mbona wangu umezima?"

"Ndivyo alivyochora Van Eyck mwenyewe, kwenye picha yake ya mume na mke. Wanasema yule mke alikuwa keshakufa alipochorwa."

Leo, nikitafuta udi kabatini, nimekuta picha aliyomchora marehemu Nawar, mkewe wa kwanza. Mishumaa ni hiyo hiyo. Tarehe aliyoandika chini ni ya wiki moja kabla ya msiba.

Kwangu limebaki tabaka moja. Njoo kabla halijakauka.

Mdogo wako,
Ghadeer