Jina la Kuazima

Jumatatu, 2 Machi

Ghorofa ya tatu nimeimaliza saa kumi na mbili unusu. Ya nne mashine ya kuvuta vumbi ilikataa kuwaka, nikatumia ufagio. Maktabani mtu ameacha tena ganda la ndizi juu ya kitabu. Wasomi hawa.

Beji kifuani bado inasema Charles Mutua. Mwaka wa kumi sasa. Mutua mwenyewe yuko Machakos anafuga kuku. Alipoamua kurudi nyumbani kabisa aliniachia vibali vyake, kama mtu anavyomwachia jirani sufuria. Nikashukuru. Tulikuwa tumekuja London wawili kwa viza ya matembezi, mimi na binti yangu Wakesho wa miaka minane, miezi michache baada ya kumzika mama yake Voi. Viza ikaisha. Sisi tukabaki.

Wakesho sasa ana kumi na minane. Amepata nafasi chuo kikuu, uhandisi. Chuo hiki hiki ninachokipiga deki. Kosa langu. Tangu akiwa mdogo nilikuwa namletea vijitabu vya chuo vilivyobaki mezani siku za wageni. Amevisoma kama wengine wanavyosoma Zaburi.

Barua ya nafasi iko ukutani. Ya pili iko kwenye droo: kwa kuwa hana vibali, atalipa karo ya mgeni, na mkopo wa serikali hapati. Mgeni! Mtoto hata kupika sima hajui.

Alhamisi, 5 Machi

Nina hasira. Wakesho amejiunga na kikundi cha wanafunzi wasio na vibali. Wanataka chuo kiwafungulie ufadhili. Wamepewa kikao na wakubwa wa chuo, Alhamisi ya tarehe 19, ukumbi wa chini. Yeye ndiye atakayesema kwa niaba ya wote.

Miaka kumi nimemfundisha kunyamaza. Usimwambie mtu tunakaa wapi. Usifungue mlango. Ukiona polisi, vuka barabara polepole. Sasa anataka kipaza sauti.

Ameniomba niende kumsikiliza. Nimemwambia nitakuwa kazini. Angalau hilo ni kweli.

Jumamosi, 7 Machi

Southall, upande wa pili wa London, kwa treni ya zambarau. Kikundi cha Wakesho kimempatia wakili wa kujitolea, Bi. Harjit. Mama wa Kipunjabi, mzaliwa wa Kisumu, nywele nyeupe. Kiswahili chake kizuri kuliko cha watoto wote wa huku kwetu Thornton Heath.

Akatupa habari njema kwanza. Kijana aliyeishi nchi hii nusu ya maisha yake anaweza kuomba kibali. Wakesho ameishi zaidi ya nusu. Akipata kibali mambo ya chuo yanafunguka. Mtoto alinishika mkono chini ya meza. Hajanishika mkono tangu akiwa darasa la sita.

Kisha wakili akaomba ushahidi. Nikatoa pasipoti ya mtoto ambayo siku zote nimeifungia sandukuni. Wakesho akatoa barua za shule, miaka kumi, ameziweka kwenye faili safi. Pasipoti: Wakesho Mwadime. Shule: Wakesho Mutua.

Nikasema lile nililomwambia mtoto siku zote, kwamba Mutua ni jina la ukoo. Wakili akavua miwani.

"Mzee, Mtaita gani huyu mwenye ukoo wa Wakamba?"

Kwa Mwingereza, asiyejua kwamba Mwadime ni jina la Kitaita na Mutua la Kikamba, ningepita. Kwa mtu wa Kisumu sikuwa na pa kukimbilia. Wakesho aliuondoa mkono wake.

Jumapili, 8 Machi

Hatukwenda kanisani. Wakesho hunijibu kwa Kiingereza siku zote. Akikasirika ndipo hutoa Kiswahili. Leo alikitoa chote.

"Mutua ni nani?"

Nikamwambia. Shule ilitaka barua yenye anwani. Kodi ya chumba ilikuwa kwa jina la Mutua, mshahara kwa jina la Mutua. Nikamwandikisha mtoto kama wa Mutua. Ilichukua dakika mbili. Nilijiona mjanja sana.

"Na vyeti vyangu ni vya nani?"

  Watu husema njia ya mwongo ni fupi. Yangu imekwenda miaka kumi, na aliyefika mwisho wake ni mtoto.

Jumatano, 11 Machi

Wakili amepiga simu. Njia ni moja tu. Niandike hati ya kiapo: mimi ndiye Elijah Mwadime, niliishi na kufanya kazi kwa jina la mtu mwingine, Wakesho wa barua za shule na Wakesho wa pasipoti ni mtoto mmoja, wangu. Bila hati hiyo, kwenye makaratasi kuna watoto wawili. Mmoja aliingia nchini akapotea. Mwingine hajawahi kuingia.

Nikamuuliza mimi nitakuwaje.

"Baba Wakesho, unataka nikudanganye ama nikuambie ukweli? Nikiipeleka, watajua unakaa wapi na umefanya nini. Kesi yako nitaipigania. Siahidi."

Nisipotia sahihi, mtoto wangu atafagia kama mimi, kwa jina la kuokota. Nikitia sahihi, watu wa uhamiaji wanaweza kunichukua mlangoni akiwa shuleni. Nimezunguka kwenye chumba hiki jioni nzima. Ni hatua sita kwenda na sita kurudi.

Ijumaa, 13 Machi

Nimempigia Mutua. Nyuma yake kuku walikuwa wanapiga kelele. Nilitumaini atakataa, anitukane, aniambie usithubutu kulitaja jina langu. Ningepata kisingizio.

Amesema andika ukweli, bwana, mimi huko sirudi. Kisha akaniuliza bei ya mashine ya kutotolesha vifaranga.

Jumamosi, 14 Machi

Sikwenda Southall. Nilisema nina homa. Wakesho alikwenda peke yake, akarudi, akanipita. Mimi ni mwoga. Naandika hapa kwa sababu hakuna wa kumwambia.

Jumatatu, 16 Machi

Msimamizi wetu, mama wa Ghana asiyependa maswali, amenipangia kazi ya Alhamisi. Nipange viti ukumbi wa chini, nibaki mpaka kikao kiishe, niondoe vikombe. Mwenzangu yuko likizo. Nimejaribu kusema mgongo unauma. Akaniangalia tu.

Wakesho anajua nafanya kazi chuoni. Hajui niko jengo lile. Sijamwambia. Ningemwambia lini, na hatuongei?

Alhamisi, 19 Machi

Viti nilipanga vizuri. Ule wa msemaji niliupangusa mara mbili.

Wakaingia saa nne. Vijana tisa. Wakesho katikati, blauzi nyeupe niliyompigia pasi jana akiwa amelala. Akaniona. Akaona sare. Akaiona beji, akaisoma. Mimi nilisimama na toroli kama mtu aliyefumaniwa.

Macho yake yakanipita. Yakaenda kwenye ukuta, kwenye dirisha, kwa wale wakubwa, akaketi. Hakugeuka tena. Nilidhani ananionea aibu.  Baadaye, nikiwa nakusanya vikombe, ndipo nilipoelewa kwamba alikuwa ananificha.

Alisema vizuri. Hakulia, hakuomba huruma. Alisema wao hawakuvuka mpaka wowote kwa akili zao, walibebwa. Alisema wamefundishwa hapa, wamefaulu hapa, na mlango uliofungwa ni huu mmoja. Mmoja wa wakubwa, mwanamke mpole, akamuuliza kama kuna mzazi anayeweza kuthibitisha habari zake.

"My dad's at work," akasema. Baba yuko kazini.

Nilikuwa hatua nne nyuma yake, na mfuko wa taka mkononi. Ningeweza kusema. Kimya kilikuwepo, cha kutosha kabisa. Niliinama nikafunga mfuko.

Mficha uchi hazai. Mimi nilizaa, kisha nikamfundisha mtoto kunifichia uchi wangu.

Jumamosi, 21 Machi

Nimetia sahihi.

Karatasi ya kwanza iliharibika. Wakili alinionyesha mahali, nikashika kalamu, mkono ukaandika C. Mutua. Wenyewe tu, kwa mbwembwe zake zote, kama kila alfajiri kwenye kitabu cha kazi.  Bi. Harjit aliichana akachapa nyingine. Ya pili niliandika polepole kama mtoto wa darasa la kwanza.

Wakesho alikuwa kiti cha pembeni. Aliangalia mbele muda wote.

Sikulia pale. Nililia kwenye treni, abiria wakaangalia simu zao. Watu wa London wana adabu hiyo.

Jumatatu, 23 Machi

Sikwenda kazini. Nilimpigia msimamizi nikasema nimeacha. Akauliza kuna nini. Nikasema mambo ya familia. Akasema ghorofa ya tatu haitapata tena mtu kama Charles. Nikamshukuru kwa niaba ya Charles.

Saa tisa alfajiri niliamka vilevile. Nikavaa. Nikakumbuka. Nikakaa na viatu mguuni mpaka kukapambazuka.

Alhamisi, 26 Machi

Kila anayepanda ngazi ni wao. Mwenye nyumba ni wao. Mleta vifurushi ni wao. Jana mlango ulibishwa nikaenda kusimama bafuni, taa imezimwa. Mtu mzima mimi, miaka hamsini kasoro. Aliyebisha alikuwa anauliza nyumba ya jirani.

Wakili amethibitisha kuwa maombi yamefika. Jibu litachukua miezi. Nisiende mbali na anwani hii. Niende wapi?

Wakesho amepika sima leo. Mabonge matupu. Tumekula yote. Hatukuongea sana, lakini tulikula kwenye sahani moja.

Jumanne, 31 Machi

Chuo kimejibu. Kimetenga ufadhili kwa wanafunzi wasio na vibali, nafasi chache, kwa wale ambao maombi yao yako uhamiaji na majina yao yanathibitika. Nafasi ya Wakesho itashikiliwa mpaka watakapoamua. Haijawa ndiyo. Alinisomea barua akiwa mlangoni, mkoba mgongoni, kisha akakimbilia basi. Fomu ya ufadhili ameiacha mezani niisome kabla hajaipeleka.

Mvua. Ngazi ziko kimya asubuhi hii.

Nimeisoma mstari kwa mstari. Jina la mwombaji: Wakesho Mwadime. Jina la mzazi: Elijah Mwadime, kwa herufi kubwa, limeandikwa kwa nguvu mpaka kalamu imeacha alama upande wa pili. Chini yake, kazi ya mzazi. Kwanza aliandika neno moja, akalikata. Pembeni, kwa mwandiko mdogo ili patoshe, ameandika kwamba baba yake alilisafisha jengo lao miaka kumi, na siku ya kikao alikuwemo ukumbini.

Nilikuwa nimesimama. Nikavuta kiti, nikakaa.