Kosa Analolitafuta Binti Yako

Nyumba ya kona,
Nyuma ya kiwanda cha sabuni,
S.L.P. 318.
Jumatano, 5 Machi 2025.

Mpendwa mdogo wangu,

Habari za huko na za kazi? Kifua kimepona? Mara ya mwisho ulikohoa mara sita katika simu ya dakika nane, nami niliandika, kwa hiyo usiniambie ni vumbi tu. Sisi hatujambo. Goti langu la kushoto hunikumbusha kila nikipanda ngazi za ofisini kwamba tumebakiza miaka miwili tustaafu, mimi na lenyewe.

Wifi yangu, mkeo, ni mzima. Amepata kazi ya kushona sare za shule nzima, na tangu hapo sebule yangu imegeuka duka la vitambaa. Jana nilikalia pini. Nimemsamehe.

Nakuandikia badala ya kukupigia kwa sababu kwenye simu wewe ni hodari wa kusema "sawa, dada" kabla sijafika kwenye jambo lenyewe. Barua haikatizwi. Na jambo lenyewe ni binti yako.

Jumapili iliyopita ulisema ameanza kiburi, kwamba tangu Januari hataki kuja kwenye simu, na kwamba muhula ujao utampeleka bweni akafundishwe adabu. Kuja haji, ni kweli. Kila ukipiga yuko bafuni. Kwa hesabu yangu ameoga Jumapili tisa mfululizo, saa nne kamili. Lakini si kiburi. Nilimwomba mkeo akuandikie mwenyewe, akakataa. Alisema, "Mwandikie wewe, wifi. Mimi nikimwambia atasema nimemjaza mtoto maneno."

Nimefungua shajara yangu ya Desemba. Tarehe 14 ulifika kwa likizo. Mtoto alitoka mbio, mguu mmoja na kiatu, mwingine peku. Wewe ukarudi hatua moja nyuma, ukanyoosha mkono, ukamwambia ameshakuwa mkubwa, asalimie vizuri. Nilikuwa mlangoni na ndoo, niliona. Tarehe 17 ulifungua pampu ya maji. Alikuja na kisanduku cha spana, kama alivyofanya kila likizo tangu ana miaka mitano, enzi zile ulipokuwa ukimwita Fundi Msaidizi. Ukamwambia aende akamsaidie mama yake. Alikiweka kile kisanduku chini polepole mno, hata hakikulia.

Juzi Jumatatu alinifuata jikoni nikimenya vitunguu, akanipa daftari lake la hesabu, ukurasa wa mwisho. Ameandika mambo yote aliyoyafanya siku zile. Hakukupokea begi. Alicheka kwa sauti. Alivaa suruali ya michezo mezani. Alisema chai haina sukari, kumbe sukari uliitia wewe. Yapo kumi na moja, yamepigiwa mistari kwa rula. Akaniuliza, "Shangazi, wewe unaona ni lipi?"

Nilimwambia hakuna hata moja. Alinitazama kwa heshima, kama mtoto anavyomtazama mtu mzima anayedanganya kwa huruma, akachukua daftari lake akaenda.

Sasa nikuambie jambo ambalo sijawahi kukuambia. Wewe unamkumbuka baba yetu kama fundi mizani aliyekuwa akikuchukua kila Jumamosi kutengeneza mizani za sokoni. Kabla yako alinichukua mimi, miaka minne. Nilibeba mkoba wa mawe ya kupimia na kuyafuta mafuta kwa kitambaa, moja moja, na alikuwa akiniambia wenye maduka wananiogopa mimi kuliko yeye. Nilipofika miaka kumi na mitatu, Jumamosi moja alitoka na wewe. Ulikuwa na miaka saba, ukarudi umejiangushia jiwe la kilo mbili kidoleni, mtaa mzima ukakusikia. Mimi sikuambiwa neno, siku hiyo wala baadaye.

Ndiyo siku niliyoanza kuandika shajara. Huwa mnanitania kwamba naandika hata paka akipiga chafya, lakini hamjaniuliza nilianzaje. Niliandika kila nilichofanya ili nigundue ni kipi kilichomchukiza baba. Miaka mingi niliamini ni jiwe la nusu kilo nililolisahau kwa muuza maharage.

Mwaka ule alipougua nilimuuliza, nikiwa namkata kucha. Nilipomaliza mkono mmoja akanipa wa pili. Kisha akasema, "Ulikuwa umekua. Sikujua baba anakaaje na binti aliyekua. Niliogopa kukosea, nikakuachia mama yako."

Hakuwa baba mbaya, nawe si mbaya. Nadhani ulipomwona mwanao amerefuka uliingiwa na woga uleule, na ukauita adabu.

Sikuambii umbebe mgongoni, atakuvunja kiuno. Ana mipaka yake sasa, na anaijua kuliko wewe: hata mimi nabisha hodi mlangoni kwake. Msalimie kwa mkono ukipenda, lakini ukishamsalimia mpe spana. Usimtumie maneno kupitia kwa mama yake, yeye si karani wako. Usiulize alama za mtihani peke yake. Uliza bomba la bafuni, ambalo alilibadilisha mpira mwenyewe tarehe 9 Februari na mpaka leo halivuji. Ukimkataza jambo, mpe sababu, hata kama sababu ni kwamba unaogopa. Mtoto anaweza kuishi na baba mwoga. Baba asiyeeleweka ndiye mzigo.

Najua utaniambia samaki mkunje angali mbichi. Huyu hajakauka, ameshtuka tu. Ukimpeleka bweni sasa hataona shule, ataona hukumu.

Barua hii ikikufikia, Jumapili itakayofuata piga saa tatu na nusu, kabla hajakimbilia bafuni. Nitampa simu kisha nitatoka nje na mkeo. Mwambie kwa kinywa chako kwamba hakuna alichokosa. Ukikwama, sema umekwama, ila usikate. Mimi nimeshamwambia na hakuniamini, wala simlaumu. Nami nilijibiwa nikiwa na miaka arobaini na minne. Nilifurahi, lakini nilikuwa nimeishi na baba yangu kwa tahadhari miaka thelathini na mmoja, kwa kosa ambalo halikuwepo. Wako ana miaka kumi na miwili.

Mjomba kinyozi anakuulizia, na anasema upara wako ni hasara kwake. Mkeo anakusalimu sana. Msalimie yule fundi mwenzako mnayekaa chumba kimoja, na umwambie nashukuru anakuchemshia tangawizi. Binti yako hajui kwamba nimekuandikia, kwa hiyo salamu zake sina. Sikutaka kuzitunga.

Mungu akulinde penye mashine, akupe afya, akupe na maneno.

Ni mimi dada yako, nikupendaye hata ninapokukaripia.