Risasi Ngumu kwa Pongo

Mama Kashinje,

Nimerudi porini. Maharage yako jikoni, yaongeze maji. Wazazi wako wakifika, wachinjie yule jogoo mwekundu.

Asubuhi nilikudanganya. Pongo sikumkosa. Nilimpiga, risasi ikapenya ikatokea upande wa pili, akakimbilia kichakani akivuja damu. Nikamwacha, nikaja kunywa uji wako.

Kaka yako Malale alinionya pale dukani Kashaulili. Risasi za ncha laini zilikuwa zimekwisha. Akasema, "Shemeji, tusubiri mzigo mwingine. Hizi ngumu ni za nyati, pongo zitampita tu bila kumwangusha." Nilijua anasema kweli. Lakini nilishawaahidi wazee, wazazi wako, nyama, nikamwita mwoga mbele ya watu, wakamcheka.

~~Wazee waambie nimeitwa kwa mwenyekiti.~~ Waambie ukweli.

Malale naye mwambie nimeshika njia ya korongoni, anifuate na mbwa wake. Peke yangu simpati, na mnyama anateseka kwa sababu ya mdomo wangu. Akikataa usimlaumu. Ningekuwa mimi, nisingekuja.

Baba Kashinje