Maji Tamu ya Pombe Yako

Kwako nyieka, mke mwenzangu Auma uliyetangulia,

Nimekuwa nikibishana na maji tangu mwezi uanze, na wewe ndiye ungenicheka vizuri. Atieno wako anaolewa. Wakwe wanakuja Jumamosi, na msichana alinishika mkono akasema, "Mama mdogo, nataka pombe ya mama. Nionje tu." Ulipokufa alikuwa bado ananyonya. Picha yako anayo, lakini hana kitu kingine kilichotoka mikononi mwako. Ningemkataliaje?

Unakumbuka nilivyofika kwenu Macalder kutoka Ogwedhi, Mkuria asiyejua Kijaluo hata cha salamu? Tulielewana kwa Kiswahili chetu cha kuokoteza. Ulinionyesha kukaanga unga uliochachuka na kuchanganya kimea cha wimbi, kisha ukaenda sokoni ukiniachia neno moja: "Weka maji tamu peke yake." Nami mtiifu nikamimina sukari mtungini. Ulirudi, ukaonja, ukacheka mpaka ukakaa chini. "Maji tamu ni ile inatoa povu ya sabuni, wewe!" Mume wetu aliinywa hivyo hivyo na kuisifu.

Sasa kijito chetu cha maji tamu kimeharibika. Wachimba dhahabu wanaosha mchanga wao huko juu kwa zebaki, hata ng'ombe tunawazuia. Tumebaki na kisima cha pampu, na maji yake ni ya chumvichumvi, sabuni haitoi povu. Pombe ya kwanza ilitoka dufu, haikuwa na ule uchachu wa kukunja uso. Nikalaumu kimea, nikabadilisha. Ikawa vilevile.

Unanijua, jambo likinishinda silali. Nikadondosha ndimu kidogo kwenye kikombe cha maji ya mvua, tuliyoyaweka akiba ya kunywa, na kidogo kwenye ya kisima. Ya mvua ilinichoma ulimi. Ya kisima, wapi. Kumbe yale maji yanameza uchachu, pombe itachachukaje? Nikaangalia birika, ndani limeganda ukoko mweupe. Nikajiuliza: kama moto unautoa huo weupe, si niutoe kabla ya kupika? Nikachemsha sufuria nzima, nikaiacha ipoe na kutulia. Chini kukabaki unga kama chokaa. Nikateka ya juu polepole, nikajaribu sabuni. Povu likajaa mikono, nami nikacheka peke yangu jikoni kama mwehu.

Jana pombe iliiva. Atieno alikunywa, akakunja uso, akanitazama. "Ndiyo hii?"

Mume wetu naye alishakufuata. Nyieka, hapa duniani ni ulimi wangu tu unaoweza kumjibu. Nikaonja. Ilikuwa ya kwako kabisa. Nilifungua mdomo niseme ndiyo, machozi yakanitangulia, na mtoto wako akaacha kuuliza, akajimiminia tena.

Pumzika salama. Nakukosa.

Mdogo wako wa nyumba ya pili,
mama mdogo wa Atieno